Mchakamchaka, maji ya kunywa na nyuzi zinazojisuka zenyewe

Najua nimepotea. Kuna mmoja kaniandikia kuuliza kama nimedisko... hapana jamani, nipo. Kimbweta ni kilekile, bumu limekata kama kawaida yake, na desa la kemia limenikaa kichwani mpaka naliota usiku. Ila kilichoninyamazisha si desa. Ni mambo ya nyumbani Maguu, na leo nataka kuyasema, maana nikiendelea kuyaweka moyoni nitaharibu mtihani bure.

Maguu kwa wasiopajua: unafika Songea, unakamata gari la Mbinga, halafu unapanda tena milimani kwa Wamatengo, kwenye kahawa na mashimo ya ngolo. Mwezi wa saba baridi yake si ya utani. Asubuhi unaongea moshi unatoka mdomoni kama mvuta sigara. Sasa katika baridi hiyo, kabla hata jua halijachomoza sawasawa, mdogo wangu wa mwisho, kidato cha pili, alitakiwa kukimbia mchakamchaka pamoja na wenzake.

Mdogo wangu ana selimundu, ile wengi tunayoiita sikoseli. Shuleni wanajua, mama alipeleka cheti mwenyewe. Lakini mwalimu wa zamu akasema mazoezi mepesi hayaui mtu, tena yanachangamsha damu. Akakimbia. Darasani akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, akaambiwa asubiri mapumziko, kwa sababu alikuwa ameshatoka mara moja kwenda kukojoa na huo ni utoro wa kijanja. Saa tano wakaja kuniita nyumbani. Nilimkuta amelazwa kwenye majani nyuma ya darasa, amejikunja, mikono imeshika mapaja, halii. Ukiona mwenye selimundu halii ujue yamezidi. Tulimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia, kila shimo la barabara anatoa sauti ambayo mpaka leo naisikia nikizima taa. Alikaa wodini siku sita.

Likizo yangu ikaishia hapo. Lakini si hiyo iliyonitia hasira. Siku ya tatu nilipitia madaftari yake ili nimsomee mgonjwa asije akaachwa nyuma. Daftari la baiolojia, ukurasa mzima, kachora seli nyekundu mbili: moja ya duara, nyingine imepinda kama mundu. Kachora vizuri mno, huyu mtoto ana mkono. Pembeni kuna vema ya wino mwekundu na neno "Safi". Mwandiko wa nani? Wa mwalimu yuleyule wa zamu. Ndiye mwalimu wake wa baiolojia!

Naomba nieleweke. Si mtu mbaya. Alikuja wodini na machungwa, akakaa kwenye benchi kama nusu saa anatazama viatu vyake. Nami mwaka kesho naingia darasani na shahada hii ya ualimu wa sayansi, na nina hakika, nisingekuwa na mdogo wangu huyu, ningefundisha vilevile na ningemkimbiza mtoto wa watu vilevile. Kwa sababu kile tunachofundisha ni UMBO. Seli ya kawaida duara, seli ya mgonjwa mundu, chora, weka majina, maksi tano. Baadaye tunaongeza kisanduku cha urithi, herufi A na S, basi, tumemaliza. Umbo hilo lilielezwa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910, alipoangalia damu ya kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka kisiwa cha Grenada. 1910 wadau! Hapo kwetu Mjerumani bado anatawala. Yaliyogunduliwa baada ya hapo ndiyo yangemzuia mwalimu yule kumkimbiza mdogo wangu, na hayo ndiyo tunayoyaacha.

Sasa basi, vumilieni kidogo nitoe lekcha. Nimeisoma hii mada kwa uchungu kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote cha mtihani.

Ndani ya seli moja nyekundu mna himoglobini kama milioni 270. Ni protini, kila moja ina upana wa nanomita tano au sita hivi. Nanomita ni kitu gani? Unywele wako mmoja una unene wa nanomita elfu themanini au zaidi, sasa piga hesabu. Himoglobini za kawaida zimejazana humo ndani kama abiria wa daladala ya Mbagala jioni, lakini hazishikani. Kila mtu na safari yake. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti na ya mtu mzima wa afya, wakauita ugonjwa wa molekuli. Miaka ya 1950 Vernon Ingram akapata tofauti yenyewe: asidi amino moja tu, ya sita kwenye mnyororo wa beta. Pale palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Moja tu! Valini haipendi maji. Ni kama kibonge kidogo kilichotokeza nje kinachotafuta mahali pa kujificha, na himoglobini ikishatoa oksijeni yake hubadilika umbo, ubavuni mwake pakatokea kishimo kinachomfaa kibonge cha jirani. Kibonge kinaingia kishimoni. Jirani naye kibonge chake kinaingia kwa jirani mwingine. Hapo uzi umeanza.

Hizi nyuzi hakuna anayezisuka. Zinajisuka zenyewe. Kumi na nne zinazungukana zinakuwa kamba moja yenye unene wa nanomita kama 21, ngumu, inayorefuka mpaka inasukuma ukuta wa seli kwa ndani. Mundu mnaouchora daftarini ni seli iliyosukumwa na kamba hizo. Kwa hiyo mundu ni matokeo. Tunafundisha kivuli, mti wenyewe tunauruka.

Sasa inakuja sehemu niliyoipenda mpaka nikamsimulia rumeti wangu ambaye anasoma Kiswahili na historia na hakuwa na haja nayo kabisa. Kamba hazianzi mara moja. Kuna kuchelewa. Nikamweleza hivi: kumbuka mgomo wa bumu. Siku ya kwanza wawili watatu wanasimama kwenye uwanja, wanapiga kelele, hakuna anayewasikiliza, wanatawanyika. Wengine wanne, nao hivyohivyo. Lakini ikitokea kundi likafika idadi fulani, basi, halitawanyiki tena. Anayepita anajiunga. Na kundi likishakuwa kubwa, pembeni yake yanazaliwa makundi mengine, watu wanakuja kwa sababu wameona watu. Ndivyo himoglobini inavyofanya. Chache zikishikana zinaachiana. Zikibahatika kufika idadi ya kutosha, uzi unakua wenyewe. Halafu, na hili Frank Ferrone, James Hofrichter na William Eaton walilieleza miaka ya 1980, uso wa uzi uliokwisha kuota ndio unaokuwa kitalu cha nyuzi mpya. Himoglobini zinatua juu ya ubavu wa uzi wa zamani, zinapangika hapo kirahisi kuliko zingepangika ndani ya majimaji peke yao, uzi mwingine unachipuka. Ndiyo maana mwanzo kimya, kimya, halafu ghafla seli nzima imejaa.

Rumeti akauliza swali la maana kuliko nilivyotegemea: "Sasa kama damu yote iko hivyo, mbona mdogo wako haumwi kila siku?"

Hapo ndipo penyewe! Kwa sababu ya kuchelewa kule. Seli nyekundu inapita kwenye kapilari, ile mishipa myembamba kabisa, kwa sekunde moja au mbili. Inatoa oksijeni pale, halafu kwa sekunde kama kumi hivi inakuwa imerudi kwenye mapafu, inapata oksijeni nyingine, na vibonge vinatoka kwenye vishimo. Seli nyingi zinawahi kurudi kabla kamba hazijaanza. Mwaka 1976 Eaton na Hofrichter pamoja na mwenzao Ross walitoa hoja kwamba ugonjwa huu ni mashindano ya muda: muda wa nyuzi kuanza, dhidi ya muda wa seli kupenya. Mgonjwa anaishi kwenye zile sekunde.

Na muda huo unategemea nini? Unategemea mambo kadhaa lakini kubwa ni jinsi himoglobini zilivyojazana ndani ya seli. Na hautegemei kidogo, unategemea kwa namna ya kutisha. Vipimo vya maabara vilionyesha ukipunguza msongamano kwa sehemu moja tu katika kumi, kuchelewa kunaweza kuongezeka hata zaidi ya mara ishirini. Msongamano ukipanda kidogo, kuchelewa kunafutika. Na ni nini kinachoongeza msongamano? Seli kukosa maji.

Rudini sasa Maguu, asubuhi ile, tuhesabu.

Ruhusa ya kukojoa. Figo za mwenye selimundu huharibika mapema, haziwezi kubana mkojo, maji yanapita tu. Kwa hiyo anakojoa mara nyingi, usiku anaamka, wengine wanakojoa kitandani wakiwa wakubwa na wanachapwa kwa hilo. Si ujanja wala si utoro. Ni mwili unaopoteza maji na hauwezi kujizuia, na yule yule anayekojoa sana ndiye anayehitaji kunywa sana. Mwalimu alimnyima vyote viwili. Mchakamchaka: misuli inakula oksijeni, damu inapata asidi, himoglobini zinaachia oksijeni upesi zaidi, vishimo vinafunguka. Tena kabla ya kunywa chochote.

Halafu baridi. Hapa nilikwama siku nzima, nikaenda kumsumbua mhadhiri. Kwa sababu ukisoma mambo ya maabara utaona kwamba nyuzi hizi za himoglobini ukizipoza zinayeyuka! Ukizipasha joto ndipo zinashikana. Sasa baridi ingekuwa dawa, au siyo? Kumbe mwili si bomba la kioo. Ngozi ikipata baridi mishipa inajibana, damu inakwenda polepole, seli zinakaa muda mrefu kule kwenye njia nyembamba. Zile sekunde zinaisha zikiwa ndani. Yaani baridi haiharakishi nyuzi, inawachelewesha wasafiri. Mtu aliyekariri tu kwamba "mgonjwa aepuke baridi" ataona mchakamchaka ni suluhisho, si unaleta joto? Na ndivyo mwalimu yule alivyofikiri, tena kwa nia njema. Anayejua habari ya muda hawezi kufikiri hivyo.

Msije mkasema nimeandika kwamba maji yanatibu selimundu. Hapana. Hakuna anayeponyeshwa na ndoo ya maji. Mgonjwa anahitaji kliniki, foliki asidi, penisilini akiwa mtoto mdogo, kinga ya malaria, na wengi wanahitaji haidroksiyurea. Hata hiyo haidroksiyurea ukijua habari ya nyuzi inaeleweka vizuri sana: inaufanya mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kichanga, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, na himoglobini hiyo haikubali kuingia kwenye kamba. Ndiyo maana watoto wachanga wenye selimundu miezi ya mwanzo wanaonekana wazima kabisa. Watafiti walioijaribu dawa hii kwa watoto mia sita na zaidi wa Kilifi kule Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda walichapisha matokeo mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Mdogo wangu anaitumia sasa. Lakini dawa haikusimama mlangoni siku ile kumwambia mwalimu amwachie akanywe maji.

Kuna jambo jingine, na hili sijawahi kuliandika popote. Kabla ya huyu mdogo wangu tulikuwa na dada, alinifuata mimi. Alifariki na miaka mitatu. Mikono ilivimba, macho ya manjano, homa, akaenda. Hakupimwa. Mama yangu ni mtu wa ziwani, kwao Liuli, na kwenye msiba ule shangazi yangu mmoja akasema wazi kwamba mama kaja na mambo ya ziwani. Maneno hayo yalikaa ndani ya nyumba yetu miaka. Kila huyu mdogo alipougua, baba alikuwa hamtazami mama. Kuna mwezi mama alifungasha kabisa. Mpaka mtoto alipofika miaka sita, daktari mmoja akapima damu ya mtoto, kisha akaomba wazazi wote wawili wapimwe. Baba AS. Mama AS. Mtoto hapati ugonjwa huu mpaka apewe S mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na kila mimba ya wazazi kama hao ina nafasi moja kati ya nne. Baba alirudi nyumbani hakusema neno njia nzima. Bibi mzaa baba, kumbe, alizaliwa Lituhi. Ziwani vilevile!

Na ziwani kuna nini? Kuna mbu. Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye S moja anapata kinga dhidi ya malaria, ndiyo maana S ilidumu kwenye nchi za mbu kama fukwe za Nyasa. Kile shangazi alichokiita mkosi ndicho kilichowavusha mababu zetu utotoni. Hii ningependa ifundishwe kwa sauti kubwa, kwa sababu hapa Tanzania inakadiriwa watoto wanaozaliwa na selimundu kila mwaka wanafika 11,000, na nyuma ya kila mmoja wao kuna mama ambaye pengine anafungasha.

(Ninyi wapenzi wa Mlimani mnaoshikana mikono kule Kibweta, mmepima? Nauliza tu.)

Sasa kwa nini nimeanza kusoma habari za nyuzi za protini kama mwendawazimu? Kwa sababu nilipokuwa natafuta habari za mdogo wangu nilikuta upande mwingine kabisa wa hadithi. Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kuzifanya protini zijisuke makusudi! Wanaita vifaa vya nano. Wanachukua protini, wanaimwagia juu ya uso fulani, na wanaacha ijipange. Uso mmoja wanaoupenda sana ni ulanga, yale mawe yanayobanduka kama kurasa za kitabu, yaliyowahi kuchimbwa kwenye milima ya Uluguru tangu enzi za Mjerumani. Ukibandua ukurasa mpya wa ulanga unapata uso ulionyooka mpaka kiwango cha atomu. Mwaga juu yake kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, na nyuzi zake zinaweza kulala sambamba zote zinaelekea upande mmoja, kwa kufuata mpangilio wa fuwele iliyo chini. Nilipoona picha zake nilicheka, nikakumbuka jinsi wazee wa kwetu wanavyolaza majani kwa safu kwenye mteremko kabla ya kufukia ngolo, safu zinafuata mlima unavyotaka.

Umeona? Uso unaongoza. Jambo lilelile la uzi mpya kuota juu ya ubavu wa uzi wa zamani ndani ya damu ya mdogo wangu, wao wanalitumia kama ufundi.

Kule Zürich, Uswisi, kundi la Raffaele Mezzenga wanachukua protini ya maji ya maziwa, yale yanayobaki ukitengeneza jibini, wanayapasha moto kwenye asidi, protini zinafunguka na kujiunga upya kuwa nyuzi nyembamba za nanomita chache. Mwaka 2016 yeye na Sreenath Bolisetty waliandika jinsi nyuzi hizo zikichanganywa na mkaa maalumu zinavyochuja madini mazito kwenye maji. Kisha wakatengeneza sifongo ya nyuzi hizo, wakaitumbukiza kwenye kimiminika walichoyeyushia mbao za kompyuta chakavu 20, sifongo ikanasa dhahabu: kipande cha miligramu 450, karati 22. Hiyo walitangaza 2024. Mimi nikawaza wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita wanaochoma zebaki na kuvuta moshi wake... sijui kama sifongo ya maziwa itafika huko, lakini ndiyo mambo ninayoyawaza badala ya kusoma saikolojia ya elimu.

Kuna wenzangu wa kozi wanasema haya mambo ya nano ni ya wenzetu, sisi tufundishe yaliyomo kwenye silabasi. Kwanza si ya wenzetu. Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela kule Arusha alishinda tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015 kwa chujio la maji lenye vifaa vya nano. Na Dk. Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wanafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004, kazi ambayo dunia nzima inaisoma. Pili, kuna kiwanda cha nano kinachofanya kazi usiku na mchana ndani ya mtoto aliyeketi dawati la tatu, na mwalimu hakijui.

Hoja nzito kidogo aliyonipa mwenzangu mmoja ni hii: mtoto wa kidato cha pili hawezi kuelewa habari za nyuzi kuota juu ya nyuzi, mwache achore mundu. Nimeifikiria hii kwa haki kabisa. Ni kweli huwezi kumpa hesabu zake. Lakini nilifanya jaribio. Wodini, mdogo wangu alipopata nafuu, nilichukua punje za mahindi na sindano ya nesi isiyo na ncha... hapana, ilikuwa kijiti cha kiberiti, nikamtungia uzi wa punje mbele yake, nikamweleza habari ya mgomo na habari ya sekunde. Watoto wawili wa vitanda vya jirani wakasogea. Mmoja wa darasa la tano. Dakika ishirini. Nilipomaliza yule wa darasa la tano akasema, "Kwa hiyo nikinywa maji zinakosana." Zinakosana! Yaani himoglobini zinakuwa mbali na mbali, hazikutani upesi. Nimesoma miaka mitatu chuo kikuu sijapata neno zuri kama hilo. Mdogo wangu yeye hakusema kitu, alichukua kikombe akanywa, akaniangalia, akanywa tena.

Kwa hiyo asiniambie mtu hawaelewi. Sisi ndio hatujui, tunajificha nyuma ya silabasi. Ninachotaka si sura nzima ya kitabu. Nataka vipindi viwili, vile vile tunavyovitumia kuchorea mundu, tuvitumie kueleza nyuzi na sekunde. Na nataka iwe ni lazima kwa sisi tunaosomea ualimu, wa sayansi na wa sanaa wote, maana mwalimu wa zamu anaweza kuwa wa historia.

Jana usiku nimeandika barua kwa mkuu wa shule ya mdogo wangu. Niliandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, nikaichana. Hii ya mwisho ina kurasa mbili, nimeomba mambo matatu: asikimbie mchakamchaka, awe na chupa yake ya maji dawatini, na asiombe ruhusa ya kwenda chooni bali aondoke tu. Nimeomba pia, kwa adabu zote, niruhusiwe likizo ya Desemba nije nizungumze na walimu saa moja. Nimemwandikia kwamba nitakuja na punje zangu za mahindi. Mwalimu wa baiolojia nimemtumia ujumbe wa simu kumwarifu asije akaona nimemshtaki, akanijibu, "Sawa mwalimu, njoo." Kaniita mwalimu! Barua imeondoka leo alfajiri na basi la Songea, kondakta kapewa buku mbili ya soda.

Mliopita shule zenye mwenzenu wa selimundu, niandikieni ilikuwaje. Naenda kupanga foleni ya msosi kabla wali haujaisha.